Saizi Arobaini na Mbili

Mwalimu wa kwaya aliponiuliza, "Mzee, arobaini na mbili itakutosha?" nilipaswa kusema haitanitosha. Lilikuwa jambo la kusema mara moja na kukaa chini. Mimi ni mtu wa sauti ya nne, pumzi sijawahi kukosa, na siku hiyo kanisani hatukuzidi watu thelathini. Nikasema, "Itanitosha, mwalimu. Tena itabaki."

Mguu wangu ni saizi arobaini na nne.

Naomba nieleze tulifikaje hapo, maana hata mke wangu, ambaye amenisikia nikieleza mambo mengi ya kipuuzi, alihitaji kuelezwa mara mbili. Kwaya yetu ya pale Igoma ilikuwa inajiandaa kurekodi video. Kwaya ya Mwanza isiyo na video ya kuimba juu ya mawe kando ya ziwa ni kama harusi isiyo na picha. Watu wataamini kwamba jambo lilitokea, lakini hawataridhika. Sare zilikwisha kushonwa. Kilichobaki ni viatu. Duka moja mjini lilikuwa na viatu vyeusi vya kung'aa, vimechongoka mbele kama pua ya mtumbwi, na saizi zake ziliishia arobaini na mbili. Kamati ikaamua kwamba mwenye mguu mkubwa zaidi avae kiatu chake cha nyumbani na asimame mstari wa nyuma, ambako kamera ingemwona kichwa tu.

Mwenyekiti wa kamati hiyo nilikuwa mimi. Ni mimi niliyesema, nimesimama, mkono mmoja mfukoni, kwamba kazi ya Mungu inataka unadhifu. Na mahali pangu pa kusimama, tangu kwaya ilipoanzishwa, palikuwa mstari wa mbele, upande wa kulia, mwisho kabisa, ambako mtu anaonekana kuanzia kichwani hadi kwenye kisigino. Basi nikajikuta nimetega mtego na mnyama wa kwanza kunaswa ni mimi.

Miguu hii niliirithi kwa baba yangu, kijijini nyuma ya Bujora. Ni miguu ya kulima matuta na kufuata ng'ombe: mipana mbele, vidole vimetawanyika kama watu wasiosalimiana. Kiatu cha kwanza nilikivaa nilipoingia kidato cha kwanza, na wenzangu bwenini wakaiita miguu yangu majembe. Nilitoka shule na cheti cha masomo na aibu ya miguu, na vyote viwili nimevitunza mpaka leo. Nilipokuwa karani wa ginneri, kiwanda cha kuchambua pamba, nilikaa nyuma ya meza miaka mingi, na kwa kweli sehemu ya kazi ile niliyoipenda zaidi ilikuwa meza yenyewe.

Mke wangu hakuwahi kuionea aibu. Yeye ni Mkerewe, amekulia kwenye mchanga wa kisiwa, anatembea peku kama malkia. Anasimulia kwamba siku nilipokwenda kwao kuposa, shangazi zake walitoka nje kimyakimya kutazama nyayo nilizoacha ufukweni. Wakarudi wakasema, "Mkubalie huyu. Akianguka ziwani hatazama, miguu itaelea." Amesimulia hivyo kwa watoto wetu, kwa wachungaji watatu waliopita kanisani kwetu, na siku moja kwa mkaguzi wa maji aliyekuja kusoma mita.

Wakati huo wa viatu nilikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa sita. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye kliniki, muuguzi mmoja mwenye sauti ya kuchoka alitukalisha wazee tukiwa na wake zetu, akatueleza habari ya miguu. "Iko siku mguu wako utakuwa kama mgeni asiyejua Kiswahili," alisema. "Ataumia na hatakuambia. Kwa hiyo usimsubiri aseme. Mtazame. Kila jioni, juu na chini, na katikati ya vidole. Na viatu viwe na nafasi." Mimi niliandika. Nilikuwa karani, kuandika ni rahisi kwangu kuliko kufanya. Mke wangu hakuandika kitu. Kesho yake alinunua kioo kidogo chenye fremu ya plastiki ya rangi ya chungwa, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu.

Jioni ya kwanza aliketi kwenye kigoda, beseni la maji ya vuguvugu mbele yake, kioo mapajani.

"Mwenyekiti, leta miguu."

"Miguu ya nini?"

"Ya kutazama. Uliandika mwenyewe."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Nikae nijitazame nyayo kwenye kioo, kama msichana anayetafuta chunusi?"

"Chunusi haijawahi kumkata msichana mguu."

Nikamwambia kwa upole, kwa sauti ninayotumia misibani, kwamba mwili ni udongo tu, roho ndiyo ya kutunza.

"Ni udongo," alisema. "Na mahindi yanaota wapi? Juu ya roho?"

Nikacheka, na nikafikiri kwamba kucheka ni kushinda. Akaendelea, sasa bila utani mwingi. "Usiku ule wa mwisho Bwana alichukua beseni akaosha miguu ya watu wazima. Hakuwaambia miguu ni udongo. Na alipofufuka alifufuka nayo, tena na makovu yake, akawaambia waitazame. Wewe unamzidi nini?"

Mume mwenye akili angeweka mguu kwenye beseni hapo hapo. Mimi nilisema nitautazama mwenyewe asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri. Tulikwenda hivyo mwaka mzima. Kila jioni alisema, "Leta." Kila jioni nilisema, "Nimeshatazama." Mara chache nilikuwa nimetazama kweli, kwa juu juu, kama mtu anayepitia barua ambayo hataki kuijibu. Nilikuwa nimewafundisha vijana wa kanisa mara nyingi kwamba mwili ni hekalu la Mungu, na niliposema hivyo nilikuwa na maana ya bia na wasichana. Haikunijia kamwe kwamba hekalu lina sakafu.

Viatu vilifika Alhamisi. Nilifunga mlango wa chumba, nikaketi kitandani, nikajaribu mguu wa kulia, ukagoma. Nikajaribu wa kushoto, ukagoma zaidi. Nikatoka kwenda jikoni kama mtu anayetafuta chumvi, nikarudi na kijiko cha supu, nikakipitisha nyuma ya kisigino, nikasukuma. Uliingia. Nilisimama nikaona vidole vyangu vyote vimekusanyika mahali pamoja, jambo ambalo havikuwa vimefanya tangu nizaliwe. Cha ajabu, havikuniuma. Nikatembea hadi dirishani na kurudi. Havikuniuma hata kidogo.

Nilipofungua mlango mke wangu alikuwa amesimama pale, mkono kiunoni.

"Naomba kijiko changu."

Nikampa.

"Vinakubana."

"Havinibani. Wala sivisikii."

"Ndiyo ninachosema," alisema. "Huvisikii."

Jumamosi tulikwenda kurekodi. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye subira, na ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia, limejaa mwanga mpaka tukawa tunaimba tumefumba jicho moja. Tulipanda juu ya mawe saa tatu asubuhi. Wimbo ulikuwa na hatua: mbili kulia, mbili kushoto, geuka, piga mguu chini. Tuliurudia, nadhani, mara kumi na tano. Mara upepo umechukua kitambaa cha mtu, mara mtumbwi umepita nyuma yetu na mvuvi akapunga mkono. Kufikia mchana wenzangu walikuwa wakivua viatu kila kamera ilipozimwa. Mwalimu wa kwaya mwenyewe, kijana wa kumzaa, alikaa juu ya jiwe akisugua vidole.

"Shikamoo mzee," akanisalimu upya, kama vile alikuwa ananiona kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe huumwi?"

"Marahaba. Naumwaje? Mguu ni moyo, mwalimu."

Nilikaa na viatu vile miguuni kuanzia asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama, na nilipiga mguu chini kwenye jiwe kuliko wote. Ukiitazama ile video leo, utaniona. Mimi ndiye ninayetabasamu.

Kosa la kuvaa viatu ni la mtu mmoja, na lingeweza kuishia hapo. Lakini sisi watu wa makanisa tuna njia yetu ya kufanya kosa la faragha liwe la umma. Kesho yake, Jumapili, ulipofika muda wa shuhuda, nilisimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nina sukari mwaka wa sita, mnajua. Jana tumesimama juu ya mawe kutwa nzima na viatu vipya. Vijana walichechemea. Mimi, kwa umri huu, sikusikia maumivu hata chembe. Nawaambieni, Mungu ameigusa miguu yangu."

Walipiga makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele. Mwalimu wa kwaya akaanzisha pambio bila kuombwa. Nikatazama upande wa akina mama, nikamwona mke wangu ameinamia kitabu cha nyimbo, mikono imetulia. Mchungaji alisema maneno mazuri kuhusu wazee wanaomtegemea Mungu. Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuambia waziwazi kwamba kutosikia maumivu ndiyo dalili ya hatari. Mimi nilichukua dalili, nikaifunga utepe, nikamrudishia Mungu kama zawadi aliyonipa.

Nyumbani nikavua soksi, na ya kushoto haikutaka kutoka. Ilikuwa imegandana na ngozi. Niliivuta, na chini ya kidole kidogo, ubavuni, palikuwa na lengelenge lililopasuka na damu iliyokauka. Kidonda chenyewe kilikuwa na upana wa ukucha wa gumba, si zaidi. Mke wangu alikuwa jikoni, hatua kumi, nasikia mwiko. Ningeweza kumwita. Lakini ushuhuda wangu ulikuwa haujamaliza saa mbili. Kuna watu walikuwa bado njiani kurudi makwao wakiusimulia. Nikafikiri: kitapona kabla ya Jumapili, na Mungu hatakuwa ameaibika. Ndivyo nilivyosema moyoni, hatakuwa ameaibika. Nilimkabidhi Mungu aibu yangu, aibebe kwa jina lake.

Nilikipaka spiriti. Nikafungua vidonge vya rangi mbili nilivyovikuta kabatini, nikanyunyiza unga wake juu, kama nilivyoona watu wakifanya. Jioni, kioo kilipokuja, nilikuwa tayari kitandani na soksi safi.

"Soksi za nini?"

"Baridi. Upepo wa ziwa."

"Upepo wa ziwa umepanda mpaka Igoma kukutafuta wewe? Mimi nimezaliwa kisiwani, sijawahi kulala na soksi."

"Ninyi Wakerewe ni samaki."

"Na ninyi Wasukuma ni ng'ombe," alisema, "lakini hata ng'ombe anapokaguliwa kwato hutulia." Akazima taa.

Wiki ya pili nilianza kusema nimechoka mazoezi, nikae nyumbani. Wiki ya tatu ilianza harufu.

Hapa inabidi niseme kwamba mke wangu huuza dagaa. Huwanunua soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, kwa mwanamke mmoja ambaye wamefahamiana tangu wote wawili wakiwa na watoto mgongoni. Wanaitana pacha, na mimi ananiita shemeji, kwa hiyo ana haki ya kunitania na huitumia yote. Magunia ya dagaa hukaa katika chumba kidogo kinachopakana na chetu. Basi harufu ilipoanza, mke wangu alifikiria kitu cha kwanza ambacho mtu wa dagaa angefikiria.

"Kuna gunia limeharibika."

Alianza kuyavuta nje moja moja. Na mimi nikatoka kumsaidia. Niliinama juu ya kila gunia, nikanusa, nikatikisa kichwa kama mkaguzi wa afya. Alipofika kwenye la mwisho alisimama akanitazama, akitaka maoni ya mtu wa pili.

"Labda hili la kona," nikasema.

Asubuhi alilichukua gunia la kona akalirudisha Mwaloni. Alirudi mchana macho yake mekundu, akaketi kwenye kigoda bila kuvua kitenge cha kichwani.

"Amekataa," alisema. "Amesema dagaa wake wazima. Nikamwambia siku hizi ananiuzia uchafu. Nimemwambia mbele ya watu. Naye ameniambia nisikanyage tena kwenye meza yake." Akafuta macho kwa kiganja. "Miaka yote ile."

Nilikuwa nakula. Ulikuwa ugali mzuri, laini, na samaki wa nazi. Niliumaliza wote, maana kama ningeuacha angeniuliza kwa nini. Katika mambo yote ya kisa hiki, huo ugali ndio ninaoukumbuka zaidi nikiwa peke yangu.

Siku nne baadaye nilipata homa. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Mke wangu aliingia na blanketi la pili, akalitandaza, akafika miguuni, akasimama. Alikuwa na pua ya mtu aliyepima samaki maisha yake yote. Alivua soksi ya kushoto bila kuniomba ruhusa. Nilisubiri aseme neno. Ningelipokea neno lolote, hata la ng'ombe. Alikwenda nyuma ya mlango, akakitoa kioo kwenye msumari, akakishika chini ya unyayo wangu, akakiinamisha mpaka nikaona.

"Tazama," alisema.

Nikatazama. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na cha pili kinakifuata. Weusi ulikuwa umepita chini ya unyayo hadi katikati, na kulikuwa na tundu. Ulikuwa mguu wa baba yangu, mpana vilevile, na mimi ndiye niliyeufanya hivyo. Nilipolitazama jicho la mke wangu juu ya fremu ile ya rangi ya chungwa, niliona kwamba amekwisha kujua gunia la kona lilikuwa na nini.

Hospitalini, daktari alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu. Alinipa shikamoo yangu kwanza, akasoma vipimo, akavuta kiti.

"Babu, ungekuja wiki ya kwanza, ningekufunga bandeji na kukugombeza. Sasa kumebaki kukugombeza tu, na hakutoshi."

Akaeleza watakata wapi. Mchungaji alikuja jioni hiyo kabla ya upasuaji, akashika mkono wangu, akauliza kama tuombe Mungu auokoe mguu. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa kitanda, anamenya chungwa.

"Mchungaji," alisema, "Mungu amejaribu kuuokoa kila jioni kwa mwaka mzima. Ni mwenye mguu aliyekataa. Mwombee huyo."

Mchungaji ni mtu mwema. Aliniombea mimi, na kuhusu mguu alinyamaza.

Nilipoweza kutembea na magongo, safari yangu ya kwanza niliamua iwe Mwaloni. Mke wangu alisema nitateleza kwenye maji ya samaki niongeze na mguu wa pili. Nikamwambia aje anishike. Alikataa kuja hadi mezani. Alisimama mbali kidogo, karibu na wachukuzi, kama mtu anayesubiri kitu kingine. Mwanamke wa dagaa aliniona nikija tangu mbali. Hakuinuka.

"Shemeji. Umepunguza mwendo."

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema. Samaki hawana haraka, wameshakufa."

Nikamwambia yote, nimesimama, kwapa zinaniuma juu ya magongo: viatu, ushuhuda, soksi, gunia la kona. Wanawake wa meza za jirani waliacha kupepea nzi. Nilipomaliza alinitazama pale suruali ilipokunjwa na kufungwa pini.

"Kwa hiyo harufu ilikuwa wewe."

"Ilikuwa mimi."

"Miezi minne dagaa wangu wanasingiziwa, kumbe aliyeoza ni mwenyekiti wa kwaya."

"Nisamehe, shemeji."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza nusa." Akachota dagaa kwa viganja viwili, akaniwekea puani. "Wananukaje?"

"Vizuri."

"Sisikii. Wewe si unaimba ile sauti ya chini? Sema kwa hiyo, wasikie mpaka kule kwa wauza sato."

Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya nne, pale katikati ya soko, kwamba dagaa wa shemeji yangu ni wazuri na hawajawahi kunuka. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwanamke wa dagaa hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwa wachukuzi. "Na wewe, pacha," aliita, "utasimama huko mpaka lini? Jua litakukausha uwe dagaa, nikuuze." Mke wangu akaja. Niliwaacha nikasogea pembeni, nikajifanya natazama mitumbwi.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi ya ushuhuda. Mchungaji aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia wa kwanza nilikuwa na uhakika nao zaidi, na anajua ulivyoishia.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina." Ilikuwa amina ya tahadhari.

"Ule ushuhuda niliowapa wakati wa viatu, naurudisha. Mungu hakuondoa maumivu. Ni sukari iliyoyaondoa, na muuguzi alikuwa ameniambia itayaondoa. Mungu alinipa mke mwenye kioo na beseni, na mimi nikawa namficha miguu na kuwaonyesha ninyi. Mkinihurumia, msinihurumie kwa jaribu. Halikuwa jaribu. Vilikuwa viatu vidogo."

Watu walitazamana. Nadhani hawakuwa na uhakika kama ushuhuda wa namna hiyo hupigiwa makofi. Kisha mama yule wa vigelegele akasema, si kwa sauti kubwa, "Basi kaa chini baba, usichoke," na nikakaa.

Baada ya ibada, mzee mmoja wa sauti ya nne, mwenye sukari kunizidi, alimfuata mke wangu barazani akamwuliza kitu huku akitazama kando. Wiki iliyofuata mke wangu alikuja kanisani na kioo ndani ya mkoba, kimefungwa kwenye kanga. Siku hizi Jumapili ya kwanza ya mwezi utawakuta kwenye baraza la nyuma, wazee wanne au watano, wamevua viatu vyao vizuri na kuvipanga ukutani, wamenyoosha miguu kama watoto wanaosubiri kuogeshwa. Yeye hupita na kioo. "Mwenyekiti wa fedha, hapa umejikwaa lini? Kesho kliniki." "Babu, hizi kucha unamfugia nani?" Nami hukaa kwenye kiti mwanzo wa safu na mguu wangu uliobaki, wa kwanza kukaguliwa, ili wengine wasione haya. Mwalimu wa kwaya amenirudisha mstari wa mbele pia. Siwezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo naimba nimeketi, mbele ya wote, mahali nilipopataka. Kiatu changu cha sasa ni saizi arobaini na nne. Nanunua jozi na kutumia kimoja.

Watu hudhani kwamba nilichopoteza kinaonekana. Wananipisha njiani, wananipa kiti. Lakini kuna kingine. Zamani, mke wangu aliponiuliza jioni kama sijambo, nilisema sijambo, akaamini, akanitania kidogo, akalala. Sasa nikisema sijambo, hujibu, "Tuone." Hasemi kwa hasira. Anavuta kigoda, anaweka beseni, anainua kioo, anatazama mwenyewe, halafu ndipo anaamini. Amefanya hivyo kila jioni tangu tuliporudi kutoka hospitali, na sitegemei kwamba ataacha.

Kusema arobaini na mbili itanitosha kulinigharimu mguu wa kushoto, kuanzia upana wa vidole vinne vya mkono chini ya goti. Na kulinigharimu neno langu ndani ya nyumba yangu.